Ufuo Usiochimbika

Tulihama Moroni siku ya Jumanne, mimi na mume wangu, tukiwa na mabegi mawili na jiko la mafuta ya taa. Mume wangu ni mtu wa Mutsamudu, katika kisiwa cha Ndzuani, na kisiwa hicho kilikuwa kimejitangaza kuwa hakimo tena katika nchi yetu ya visiwa. Mjini Moroni hasira ilianzia redioni, ikashuka barabarani. Pale Magoudjou, mtaani kwetu, vijana walikuwa wakisimamisha teksi na kuwatamkisha abiria neno moja tu, wasikie linavyotoka mdomoni. Mume wangu alikuwa karani Moroni kwa miaka kumi na minne, na neno lile bado lilimtoka kwa lafudhi ya kwao. Hawakumpiga. Walimteremsha, wakamwambia arudi alikotoka, wakamwonyesha kwa kidole upande wa bahari, kana kwamba haijui.

Mimi ningeweza kubaki. Wazazi wangu ni Wangazidja, wenyeji wa kisiwa cha Moroni, ingawa nilizaliwa Majunga, ng'ambo ya bahari, nikaletwa Moroni nikiwa msichana, mwaka ule wa sabini na saba tuliporudishwa baada ya watu wetu kuuawa huko. Moroni walitupa lakabu ya shirika la ndege lililotubeba, na lakabu ikatuganda. Kwa hiyo kufunga begi nilikuwa nakujua tangu utotoni. Katika visiwa vyetu nyumba ni ya mwanamke, na mume ndiye anayehamia kwa mke. Lakini sisi tuliotoka Majunga wengi hatukuwa na nyumba za kurithi. Mimi na mume wangu tulikuwa tumepanga vyumba viwili. Basi nikafanya jambo ambalo mwanamke wa kwetu halifanyi ila kwa dharura: nikamfuata mume kwa mama yake.

Mavyaa wangu alitupokea bila maneno mengi. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye viganja vipana, na alijitanda nguo yake nyekundu ya shiromani hata akiwa jikoni. Nyumba yake ilikuwa katika mji wa kale wa Mutsamudu, kule ambako vichochoro ni vyembamba na kila kitu ni jiwe: kuta jiwe, ngazi jiwe, sakafu ya ua jiwe. Nyuma ya ua palikuwa na ukuta mfupi, na chini ya ukuta ule ulipita mto.

Wao huuita mro. Nilikaa siku kadhaa nikiutazama. Ngazidja, kisiwa cha Moroni, hakina mto hata mmoja. Mvua ikinyesha inamezwa na mawe ya volkano, na mtu huishi kwa maji aliyoyakinga kutoka paani na kuyafungia kwenye tangi. Nilikuwa nimezoea kupima maji ya kuoga kwa kopo. Hapa maji yalipita bure, mchana kutwa, na hakuna aliyeyaangalia.

Huko juu, kabla ya mji, mto ulikuwa safi, ukipita kati ya migomba na mashamba ya mlangilangi. Ulipofika kwetu ulikuwa umeshapitia mikono mingi. Wanawake walifua, madereva waliosha magari, wachinjaji walitupa matumbo ya mbuzi. Chini ya daraja palikuwa na lundo la takataka ambalo hakuna aliyelikusanya tena, kwa sababu waliokuwa wakilikusanya walikuwa watumishi wa serikali, na swali la serikali ipi halikuwa na jibu. Mabomba ya mji yalikuwa yamepasuka mahali pengi, na vifaa vya kuyaziba vilikuwa vikitoka Moroni. Vyombo vya bahari kutoka Moroni vilikuwa vimekatazwa kuja. Kwa hiyo watu walirudi mtoni, kama walivyofanya bibi zao, ila mto haukuwa tena ule wa bibi zao.

Kazi ya mavyaa wangu ilikuwa kuosha maiti wa kike. Alirithi kazi hiyo kwa shangazi yake, na mtaani walimwita Koko, yaani bibi, hata watu waliomkaribia umri. Mwanamke akifariki, mtu alibisha mlangoni na kusema, "Koko, tunakuhitaji," naye alichukua kikapu chake kilichokuwa tayari nyuma ya mlango: majani ya mkunazi yaliyosagwa, kafuri, pamba, kipande cha sabuni. Wengi waliletwa kuoshwa uani kwake, maana nyumba za pale ni finyu, na ua wake ulikuwa na nafasi ya kuweka kitanda cha kuoshea na kuning'iniza mashuka ya kusitiri.

Sehemu nyingi za Waislamu wa pwani, chini ya kitanda hicho huchimbwa shimo la kupokea maji yanayotoka kwa maiti. Shimo hilo ndilo ufuo. Ukimaliza unalifukia, basi. Moroni, mitaa ya juu yenye udongo kidogo, nilishawahi kuona wanaume wakilichimba. Uani kwa mavyaa wangu hapakuwa na pa kuchimba. Waliojenga nyumba ile walikata mfereji katika sakafu ya mawe, ukapita chini ya ukuta mfupi hadi mtoni. Maji yote ya maiti yalikwenda huko. Ndivyo ilivyokuwa tangu nyumba ilipojengwa, na kwa muda mrefu hakuna aliyepata sababu ya kuuliza.

Kipindupindu kilipoingia mjini, maiti wa kwanza wa mtaa wetu alikuwa muuza mihogo ya kukaanga wa pale darajani. Jana yake asubuhi nilinunua kwake. Aliugua adhuhuri, na kesho yake alasiri alikuwa juu ya kitanda uani kwetu, amekauka, macho yamezama, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyefua siku nzima. Mavyaa aliniita nimsaidie kumimina.

"Mimina taratibu," aliniambia. "Anasikia."

Nilimimina kutoka begani kwenda miguuni kama alivyonielekeza. Mwanamke yule hakuacha kutokwa na maji hata baada ya kufa, na mavyaa alimsafisha tena na tena bila kukunja uso. Nilipoinama kuchota ndoo ya tatu, niliona kupitia tundu la mfereji. Hatua chache upande wa chini, wanawake wawili walikuwa wamesimama mtoni, sketi zimefungwa magotini, wakisuuza majani ya muhogo kwenye kapu. Maji yetu yalikuwa yakiwafikia. Yalikuwa na povu jeupe la mkunazi, kwa hiyo niliyafuata kwa macho bila shida mpaka yakapita kati ya miguu yao.

Niliona, sikusema. Nilikuwa mgeni, na palikuwa na maiti mbele yangu. Mmoja wa wanawake wale aliugua wiki ile ile. Sijui kama ni kwa maji yale. Mto ule ulikuwa na sababu nyingine za kutosha.

Baada ya hapo vifo viliongezeka. Sikuvihesabu, na sina hakika kama kuna aliyevihesabu. Hospitalini walilaza watu chini, na dripu zilikuwa haba kwa sababu nazo zilikuwa zikitoka Moroni. Mavyaa aliitwa mara mbili kwa siku, wakati mwingine mara tatu. Mimi nilikuwa mmiminaji wake.

Siku moja mwuguzi wa kiume alikuja nyumbani. Alikuwa kijana wa milimani, amevaa koti jeupe lililofifia na ndala, na alishika dumu la klorini aliyopewa na wageni wa misaada. Alikuwa amechoka hata alipokaa kwenye kizingiti alisahau kusalimia, kisha akasimama tena na kusalimia.

"Shikamoo, Koko."

"Marahaba, mwanangu. Nani kafa?"

"Hapana, Koko. Nimekuja kwa sababu ya maji. Maji unayooshea maiti yanakwenda wapi?"

"Mroni."

"Na huku chini watu wanachota wapi?"

Mavyaa alijua swali linakwenda wapi. Alijifuta mikono. "Maji yanayotiririka hayanajisiki," alisema, "mpaka yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Hilo nimesoma nikiwa mtoto. Mro huu unatiririka."

"Sisemi yana najisi, Koko. Juu ya najisi wewe ni mwalimu wangu. Mimi nasema yana ugonjwa. Ugonjwa hauna rangi wala harufu."

"Sasa nisiwaoshe?"

Mwuguzi akatazama dumu lake. Akasema kwamba mjini kulikuwa na mazungumzo. Wakubwa walitaka maiti wote wa ugonjwa ule wafungwe kwenye plastiki hospitalini na wazikwe moja kwa moja. Yeye aliwaomba wamwachie kwanza aongee na waosha.

Ndipo nilipomwona mavyaa wangu akiogopa, kwa mara ya kwanza. Wanajeshi kutoka Moroni walipojaribu kutua kisiwani kwa nguvu, risasi zilisikika hadi uani, naye alibaki akichambua mchele. Lakini neno lile la plastiki lilimkalisha chini.

"Bila kuoshwa? Kama mnyama wa barabarani?"

"Ndiyo maana nimekuja," alisema mwuguzi.

Walizungumza mpaka kahawa ikapoa. Mavyaa angeendelea kuosha, lakini kwa glavu, na kwa maji yenye klorini kidogo. Hapo alibisha sana: harufu ya dawa ya kufulia mashuka juu ya mtu anayekwenda kwa Mola wake! Mwisho walikubaliana kwamba klorini iwe kwenye mwosho wa kwanza, na ule wa mwisho ubaki wa kafuri peke yake, kama kawaida. Ila tone moja lisifike mtoni. Mfereji uzibwe.

"Na maji niyaweke wapi?" aliuliza mavyaa. "Hapa hata jembe likipiga linatoa cheche."

Mwuguzi alitazama ngazi zinazopanda kutoka kichochoroni mpaka nje ya mji, huko juu ambako mawe yanaisha na udongo unaanza. Alisema kuna mahali upande wa pili wa kilima, mteremko wake hauelekei mtoni. Pachimbwe shimo refu. Maji yabebwe.

"Nani atabeba?"

Nadhani wote watatu tulijua. Mavyaa alikuwa mzee, na wanawake wa mtaa wote walikuwa na mto wao, majirani zao na aibu zao. Mimi sikuwa na lolote kati ya hayo.

"Nitabeba mimi," nilisema.

Mume wangu alichimba shimo. Bandarini alikokuwa amepata kazi ya kuandika mizigo hapakuwa na meli ya kuandika, kwa hiyo alikuwa na wakati. Alichimba siku mbili, akarudi na malengelenge viganjani, akasema kwamba karani hana mikono ya kazi hiyo. Kisha alikoroga chokaa, akaziba mfereji kwa matambara na chokaa hiyo, na tukaweka beseni pana chini ya kitanda.

Siku ya kwanza ya kubeba nilibeba ndoo saba. Ndoo ilikuwa na kifuniko, lakini maji husikika hata yakifunikwa, na watu walijua. Ngazi zile ni nyembamba, nyumba zimebanana pande zote mbili, na mtu akipita na mzigo lazima aguse mlango wa mtu. Wanawake waliokuwa wameketi nje waliinuka, wakavuta vigoda vyao ndani, na nikasikia makomeo. Hawakunitukana. Mmoja, mwenye mtoto mchanga, aliweka mkono juu ya uso wa mtoto nilipopita.

Kwenye kona ya tatu alikaa mshonaji wa kanzu, mwanamume wa makamo, na cherehani yake ilikuwa mlangoni ili apate mwanga. Siku ile alisimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Mke wa kijana wetu, unapitisha nini hapa?"

"Maji."

"Maji ya nini?"

Nilimwambia ukweli. "Ya marehemu aliyeoshwa leo."

"Mro uko chini," alisema. "Mbona unapanda nayo? Ugonjwa uko huko chini, wewe unautembeza milangoni petu, mlango kwa mlango. Huko Ngazidja ndivyo mnavyofanya?"

"Huko hatuna mto, kaka."

"Ndiyo maana hamjui kazi yake. Mto ni wa kuondoa." Alivuta kiti chake, akakiweka katikati ya ngazi, akakaa.

Sikubishana naye. Nilishuka, nikazunguka kwa njia ya nyuma ya msikiti, ambayo ilikuwa ndefu karibu mara mbili. Ndoo zote zilizobaki nilizipitisha huko. Magoti yangu yalianza kuuma siku ile, na bado yanauma.

Mavyaa aliniona nikichelewa, akaniuliza, nikamweleza. Siku iliyofuata, tulipomaliza kumkafini msichana wa nyumba ya pili, alijifunga shiromani kiunoni, akanyanyua ndoo moja mwenyewe, akaitia kichwani.

"Mama, hapana. Nitazunguka tu."

"Nimewaosha watu wa ngazi hizi miaka thelathini," alisema. "Sijawahi kuzunguka."

Alitangulia, mimi nikafuata. Kwenye kona ya tatu kiti kilikuwa palepale, na mshonaji juu yake. Mavyaa alisimama mbele yake, ndoo kichwani, akipumua kwa nguvu. Hakumwomba. Alisimama tu, na mzee akisimama mbele yako na mzigo kichwani huwezi kuendelea kukaa, hata kama una hoja. Mshonaji aliinuka, akaingia ndani na kiti chake, akafunga mlango. Tulipita. Kuanzia siku hiyo tulipita, na yeye kila mara alifunga mlango, na cherehani ilinyamaza mpaka tuwe tumefika juu.

Hazikupita wiki mbili, asubuhi, mlango wetu ulibishwa. Alikuwa yeye. Mama yake alifariki alfajiri. Alisimama kizingitini, hakuangalia popote, akasema yale maneno ambayo kila mtu husema: "Koko, tunakuhitaji."

Tulimwosha mama yake. Alikuwa mwanamke mzito, na maji yalikuwa mengi. Nilipotoka na ndoo ya kwanza nilimkuta mshonaji amesimama kichochoroni peke yake, maana mwanamume haingii pale mwanamke anapooshwa. Alitazama ndoo.

"Ni ya mama?"

"Ndiyo."

Aliichukua mkononi mwangu. Alikuwa hajawahi kubeba ndoo, nadhani, kwa sababu aliibeba mbele kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya mchuzi, na ikamgonga magotini kila hatua. Nilimfuata nyuma. Alifika kwenye kona yake, mbele ya mlango wake, akaiweka chini. Alikaa kwenye ngazi kando ya ndoo, akaanza kulia. Nilisubiri kidogo. Kisha nikaiinua nikaendelea nayo, kwa sababu nyingine zilikuwa zinangoja. Niliporudi hakuwapo. Hatukuwahi kulizungumzia jambo hilo, lakini mlango wake haukufungwa tena tulipopita.

Nyumbani tulijiona salama. Mimi ndiye niliyeshika mambo ya maji, kwa mazoea ya Moroni. Nilichota juu, mbali, kabla ya nyumba za kwanza, nikachemsha, nikatia mtungini na kufunika. Hakuna aliyekunywa nje ya mtungi ule. Mikono tulinawa kwa klorini hadi ngozi ikapasuka. Glavu za mavyaa nilizichovya mwenyewe. Kwa hiyo alasiri moja alipotoka chooni ameshika ukuta, na nikaona uso wake, fikra yangu ya kwanza ilikuwa glavu: kwamba niliacha tundu mahali.

Mume wangu alikimbia kumwita mwuguzi. Alipofika, mavyaa alikuwa tayari hawezi kuinua kichwa. Sauti yake ilikuwa imekwenda, kama wanavyopoteza sauti wagonjwa wa ugonjwa ule.

"Anakunywa wapi?" aliuliza mwuguzi.

"Hapa, mtungini. Yamechemshwa."

"Anakula nje?"

"Hali nje."

"Anatawadha wapi?"

Mavyaa wangu alitawadha mtoni. Ametawadha mtoni maisha yake yote, kwa kuwa aliamini hakuna maji bora kwa udhu kuliko yanayokwenda. Mara tano kwa siku aliteremka ngazi tatu za mawe zilizo nyuma ya ukuta, akanawa viganja, akasukutua. Mara tatu alijaza kinywa. Nilimwona kila siku. Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, ninalinda mtungi.

Mwuguzi alinitazama usoni, akaacha kuuliza. Hospitalini hapakuwa na dripu, alisema, na hata njia ya kumfikisha huko ilikuwa hatari kuliko kumwacha. Dawa ni maji yaliyochemshwa yenye chumvi na sukari, kikombe baada ya kikombe, bila kukoma. Madukani sukari ilikuwa haionekani tangu vyombo vikatazwe kuja. Akauliza kama tuna mchele.

Tulikuwa na mchele kidogo, tulioutunza kwa ajili ya Idi. Kwa wiki nyingi tulikuwa tukila mashelisheli na ndizi. Niliupika wote kidogo kidogo mpaka ukawa uji mwepesi, nikautia chumvi, nikamnywesha kwa kijiko. Alitapika, nikamnywesha tena. Mume wangu alimshika kichwa. Wakati fulani mavyaa alisogeza midomo, nikainama kusikiliza.

"Usiniache waniweke kwenye plastiki," alisema.

"Hutawekwa, Mama. Kunywa."

Siku ya tatu alikojoa, na mwuguzi alipoambiwa alicheka kwa sauti, kicheko cha kwanza nilichosikia kwake. "Amepona," alisema. "Figo zinafanya kazi."

Alipona, lakini mikono ilibaki ikitetemeka kwa miezi. Waliofariki hawakungoja. Kwa hiyo wa kwanza niliyemwosha kwa mikono yangu alikuwa mke wa jirani, na mavyaa aliketi pembeni kwenye kiti, amejifunika blanketi, akinielekeza. Kulia kwanza. Inua bega. Usimfunue zaidi ya unapoosha. Nilipokosea alisema jina la Mungu kwa upole, nami nikarudia. Tulipomaliza nilibeba ndoo. Kutawadha, kuanzia hapo, alitawadha kwa birika lenye maji niliyoyachemsha. Kila siku alinung'unika kwamba maji yaliyopikwa hayana uhai, lakini alisukutua nayo.

Masika yalikwisha, ugonjwa ukapungua, kisha zikapita wiki nzima bila mgonjwa mtaani. Takataka zilibaki chini ya daraja. Waliobaki hai walirudi kufua palepale. Siku moja kikongwe wa mtaa alifariki kwa uzee, amelala kitandani kwake, na akaletwa kuoshwa kwetu. Nilikwenda kutafuta beseni, nikaona chini ya kitanda sakafu imelowa na maji yanakwenda. Matambara na chokaa vilikuwa vimetolewa, vimewekwa kando, vimepangwa vizuri.

"Nani kafungua, Mama?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Huyu hakufa kwa ugonjwa. Na mimi nina macho. Nakuona unavyoshuka ngazi kwa ubavu. Magoti yako hayo unayataka lini?"

Nilitaka kumwambia mengi. Nilitaka kumwambia kwamba mwuguzi alisema tusubiri, kwamba mto haukuwa umepona hata kama watu wamepona. Nilimtazama, mikono yake inatetemeka juu ya kopo la kafuri, nikaelewa kwamba alikuwa amekaa chini kwenye mawe na kisu cha jikoni, akibandua chokaa ile peke yake, ili mimi nisipande. Sikuziba tena. Nimelifikiria jambo hilo mara nyingi, na bado nadhani nilikosea, na bado nadhani nisingeweza kufanya vingine.

Mazungumzo ya wakubwa wa Moroni na wa Ndzuani yalipofika mwisho na njia za bahari zikafunguliwa, mume wangu aliandikiwa kwamba anaweza kurudi kazini Moroni. Mavyaa hakukubali kuja nasi. Alitushika mikono bandarini, akaniambia nimwandikie, ingawa alijua kwamba atasomewa.

Magoudjou watu waliotuona tulipoondoka walitukaribisha kama tulikuwa safarini. Hakuna aliyetaja teksi. Haukupita mwezi, jirani alifiwa na dada yake, na mwosha wa mtaa alikuwa mgonjwa. Sijui ni nani aliyewaambia kwamba ninajua. Walikuja mlangoni, nikaenda.

Tangu hapo ndiyo kazi yangu. Kabla sijavua viatu huuliza maji yatamwagwa wapi, na chini ya hapo kuna nini, na kisima cha nani kiko karibu. Ninavaa glavu. Wapo wanaoona kwamba ninawachukiza marehemu wao kwa maswali kama ya ofisini, na hao humwita mwingine. Wengine huniita mimi.